Mnyororo Ukutani kwa Genji

Msumeno uliomuua Iwabuchi Tamotsu haukuwa na hata tone la damu. Inspekta Komukai alikuwa ameulaza juu ya meza ya kituo kidogo cha polisi cha Nukazawa, akiuzungusha mnyororo wake jino kwa jino kwa ncha ya kalamu, na kwa mara ya tano tangu jana akafika pale pale alipoanzia. Mzee wa miaka sabini na minane, mgane, anaishi peke yake, amekutwa na tarishi wa posta asubuhi ya tarehe kumi na tatu Desemba. Amelala uwanjani kwake chini ya theluji, paja la kushoto limechanwa hadi mfupani. Msumeno wa injini uko hatua moja kutoka mkononi mwake, na msumeno wenyewe unang'aa kama umetoka dukani.

"Msumeno hauogi wenyewe," alisema Sajini Niinuma. Sajini huyu aliishi na mkewe nyuma ya kituo, na alishaanza kumchoka mgeni huyu wa mjini aliyekuwa akimmalizia mafuta ya taa ya hita. "Kuna mtu kausafisha. Na mtu mwenyewe tunamjua, afande. Tunapoteza muda tu."

"Tunamjua?"

"Genji, jirani yake. Kijiji kizima kitakwambia. Walifanya kazi msituni pamoja miaka arobaini, halafu miaka mitatu hii hata salamu hakuna. Siku ya mungu wa mlima, tarehe kumi na mbili, watu wote walikuwa hekaluni, yeye tu hakuonekana. Tumemuuliza mara tatu alikuwa wapi. Anatukodolea macho kama hajui lugha."

"Labda hana la kusema."

"Basi atalipata huko mjini. Binti wa marehemu kampigia simu mkuu mwenyewe. Saa kumi jioni gari linakuja kumbeba."

Komukai akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na watu wa namna ya Genji alishawaona. Mtu akishaamua kutojitetea, hakuna mkubwa atakayejisumbua kumtafutia utetezi. Saa kumi ikifika, mzee huyo ataondoka Nukazawa akiwa muuaji, na hata akirudi hatarudi kuwa jirani wa mtu.

"Daktari anasema alikufa lini?"

"Hajui. Mwili ulikuwa umeganda. Tarehe kumi na moja au kumi na mbili, anasema tuchague."

"Hakuna cha kuchagua. Tarehe kumi na mbili mungu wa mlima anahesabu miti yake, na mtu akikutwa anakata, anahesabiwa pamoja nayo. Mimi nimezaliwa bonde la pili kutoka hapa, Sajini. Hata mlevi wa kijiji siku hiyo anaweka shoka chini, anaenda kunywea hekaluni."

Niinuma, mtu wa pwani, akainua mabega. "Tarehe kumi na moja, basi. Inabadilisha nini?"

"Inabadilisha kwamba aliyeusafisha alikuwa na siku nzima ya kumi na mbili, watu wote wako hekaluni, hakuna wa kumwona." Komukai akaufungua mnyororo kutoka kwenye bapa la msumeno, ule ulimi wa chuma unaozungukwa na mnyororo, akautia kwenye mfuko wa ushahidi. "Umehesabu vijino vya chini? Hivi vinavyoingia kwenye mfereji wa bapa?"

"Sabini na viwili. Nilihesabu jana."

"Rudia kuhesabu kwenye picha. Ukipata sabini na vitatu, nipigie."

Niinuma hakucheka.

*

Nyumba ya Tamotsu ilikuwa ya pili kutoka mwisho wa barabara, na ya mwisho ilikuwa ya Genji. Kutoka kituoni Komukai alipita nyumba kumi na moja, na tisa kati ya hizo madirisha yake yalikuwa yamepigwa mbao. Katika moja ya hizo mbili zilizobaki, mtu alisogeza pazia, akamtazama akipita, akalirudisha. Hapakuwa na mbwa wala redio, na alama za viatu kwenye theluji zilikuwa zake mwenyewe na za tarishi.

Uwanjani, gogo la mwaloni lililoachwa nusu lilikuwa bado juu ya vihimili vyake. Lilikuwa limeburutwa kutoka msituni wakati wa vuli, na gome lake lilikuwa limeshika tope na changarawe, vyote vimeganda kuwa kitu kimoja. Komukai akapiga magoti, akatoa brashi ndogo mfukoni na kuanza kufagia theluji chini ya mkato. Safu ya kwanza ilikuwa nyeupe. Safu ya pili ilikuwa na damu, na hiyo wenzake walishaipiga picha. Chini yake akakuta alichokuwa anakitafuta, akakichota kwa kiganja.

Ulikuwa unga laini, wa rangi ya kahawia. Mnyororo wenye makali hutoa maranda, vipande vyembamba unavyoweza kuvihesabu kwenye kiganja. Unga hutoka pale jino lilipokufa, na mshikaji anaukandamiza msumeno kwa uzito wa mwili wake, mti unasagwa badala ya kukatwa. Akaingiza tochi kwenye mkato. Kuta zake zilikuwa zimeungua, nyeusi kama mkate uliosahauliwa.

Mnyororo uliokuwa mfukoni mwake ulikuwa unang'ata kidole kwa kuguswa tu. Haukuwa umekata gogo hili, na haukuwa umekata gogo lolote tangu ulipotoka chini ya tupa.

Akafagia zaidi. Nyuma ya gogo la kwanza kulikuwa na la pili, limelala chini, na mahali ambapo ncha ya bapa ingefika, gome lilikuwa na kovu fupi jipya, limeng'olewa kwa kwenda juu. Komukai alilitazama muda mrefu kuliko vitu vingine vyote. Mzee anasukuma msumeno butu, anasukuma, hauingii. Bapa linateleza, ncha inagonga gogo la nyuma, na msumeno unamrukia. Hapakuwa na mkono wa mtu mwingine katika jambo hili. Alikuwa na hakika nalo sasa, na hakika hiyo haikumsaidia kitu, kwa sababu alijua mkuu wake angesema nini kwenye simu: asiye na hatia hasafishi msumeno.

Akasimama, akapangusa magoti, akaenda kwenye kuni. Zilikuwa zimepangwa chini ya paa la bati katika safu nne, kila safu na mwaka wake umeandikwa kwa chaki, maana mwaloni hauchomwi kabla ya kukauka miaka miwili. Safu ya kwanza ilikuwa imebaki robo. Miisho ya kuni zake ilikuwa bapa na laini, kana kwamba imekatwa kwa kisu. Safu za miaka miwili iliyofuata zilikuwa zimekatwa mshazari, zote zikielemea kulia. Na safu ya nne, ya mwaka huu, ilikuwa ni aibu tupu: mikato ya kupinda, yenye mawimbi na madoa ya kuungua. Mnyororo ukinolewa upande mmoja kuliko mwingine, hukata kwa kupinda. Kwa hiyo mpaka miaka mitatu iliyopita mtu mwingine ndiye aliyekuwa akimnolea Tamotsu, mtu aliyejua kazi, halafu akaacha.

"Umeshamkamata?"

Binti wa marehemu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, koti la babake mabegani. Aliitwa Chizuru, alikuwa na miaka hamsini na kidogo, na alifanya kazi kwenye duka la mikate mjini Sendai. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Bado, mama. Naangalia kuni."

"Kuni zimefanya nini?"

"Zinaniambia Mzee Genji aliacha kumnolea baba yako miaka mitatu iliyopita."

"Hiyo ungeniuliza mimi. Aliacha mbele ya watu, kwenye mkutano wa kijiji. Baba kampelekea mnyororo kama kawaida, yeye kasimama akasema, 'Simnolei tena mtu asiyeona mguu wake mwenyewe.' Watu wakacheka. Baba alirudi nyumbani akaninyamazia kwenye simu wiki mbili." Akavuta koti. "Yule mtu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, Inspekta. Nilikuwa namwita baba mkubwa. Sasa nakaa hapa nikisikia anakohoa kule kwake, na nasubiri gari."

"Saa kumi," alisema Komukai.

"Najua. Nahesabu."

*

Bibi Niinuma Fusa, ambaye hakuwa na undugu na sajini isipokuwa jina, alikuwa na kibanda cha kunoa misumeno karibu na daraja la chini. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na alikuwa hajapata mteja tangu juzi.

"Umekuja kunoa au kuchunguza?"

"Vyote viwili, bibi."

"Kunoa nalipwa." Akamsukumia kikombe cha chai na kisahani cha figili za kuchachushwa, akaupokea mfuko, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Jino la bega la mviringo, lisilo na kona kali. Huyu anajua kuchagua. Kuni zetu zinaburutwa kwenye matope, na sasa zimeganda. Ukija na yale meno ya pembe kali, gogo la kwanza utaona raha, la pili raha, la tatu lina mchanga kwenye gome, kwisha habari yako. La mviringo linakwenda pole pole, lakini linavumilia uchafu."

"Na limenolewa vipi?"

Bibi akachukua kipimo cha chuma, akapima jino la kulia, la kushoto, la kulia. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. "Kulia na kushoto ni sawa, hata unywele haupiti katikati. Tupa mara tatu kila jino, wala si mbili wala si nne. Na hivi vizuizi vilivyo mbele ya jino, umeona? Vimeshushwa kidogo, halafu kona ya mbele imezungushwa. Vijana hawazungushi. Hapa bondeni aliyebaki anayezungusha ni..." Akaushusha mnyororo taratibu. "Umenitega, mwanangu."

"Ni Genji?"

"Mimi sijasema."

"Na mimi sijaandika. Tamotsu mwenyewe alikuwa ananoa wapi?"

"Kwa Genji, maisha yake yote. Walipogombana nikamwambia leta kwangu. Hataki. 'Nitanoa mwenyewe.' Kwa macho yale yenye mtoto wa jicho? Alikuwa anaona tupa mbili na hajui ashike ipi." Bibi akatafuna figili. "Vuli hii alipita hapa na mnyororo mpya, wa meno ya pembe kali, una viungo viwili vya rangi ya dhahabu. Nikamwambia huo ni wa mti safi uliosimama, wa watu wanaonoa mara nne kwa siku, na ncha ikigonga kitu unarusha vibaya. Nikamwambia nipe nikubadilishie, sitaki hata hela. Ungemwona alivyonuna. Akauficha ndani ya koti kama mtu anamnyang'anya mtoto."

"Aliupata wapi?"

"Si kwangu. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi sikumkaba."

Komukai akainama kushukuru, akatoka. Kwa hiyo kulikuwa na minyororo miwili. Wa meno ya pembe ulikuwa kwenye msumeno mzee alipokufa, na wa mviringo uliwekwa baada ya hapo. Mpelelezi wa mjini angeita wapiga mbizi waupekue mto. Mtu akitaka kuficha ushahidi huutupa mtoni, hilo kila polisi anafundishwa. Lakini Komukai alikuwa mtoto wa mkata miti, na alijua watu waliolelewa na msitu wana udhaifu mmoja. Mnyororo mpya, ambao meno yake bado yana urefu wa robo tatu, hawatautupa hata kama umemuua mtu. Watauosha kwa mafuta ya taa, watautafutia tupa yake, watauning'iniza.

*

Genji hakuinuka alipoingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katika karakana yake, mzee mrefu aliyepinda, jiko dogo la kuni miguuni, mnyororo umebanwa kwenye jiriwa mbele yake. Tupa ilikwenda mara tatu, ikahamia jino jingine. Juu ya benchi kulikuwa na bakuli moja, jozi moja ya vijiti vya kulia na kikombe kimoja.

"Mzee Genji, naomba nitazame ukuta wako."

Tupa ikaenda mara tatu.

Kwenye ukuta kulikuwa na misumari tisa, na minyororo tisa inaning'inia. Misumeno ilikuwa miwili, yote ya bapa fupi. Komukai akaanza na msumari wa kushoto. Alihesabu kwa sauti ya chini, kijino kwa kijino, na kila alipomaliza aliandika. Sitini. Sitini. Sitini. Ilimchukua karibu nusu saa, na muda wote huo tupa haikusimama. Alipofika msumari wa nane, ilisimama.

"Sabini na viwili," alisema Komukai. "Huu haufai msumeno wako hata mmoja. Na una meno ya pembe, wakati mingine yote hapa ni ya mviringo. Hivi viungo vya dhahabu vinapendeza."

Genji alitazama jiko.

"Hukumuua," Komukai akaendelea. "Nimeona gogo la nyuma, lina kovu la ncha. Nimeona unga. Alikuwa anasukuma mnyororo uliokufa, ukamrukia. Mimi najua, lakini saa kumi gari linafika, na kule watauliza swali moja tu: kwa nini ulibadilisha mnyororo. Nijibu mimi kabla hujawajibu wao."

Genji akatia kipande kimoja cha kuni ndani ya jiko.

"Daktari alisema dakika ngapi?" Sauti ya Genji ilikuwa na kutu, ya mtu ambaye hakuwa ameitumia siku nyingi.

"Kitu gani?"

"Mpaka alipokata roho."

Komukai angeweza kusema hajui. "Tano. Pengine chini ya hapo."

"Kutoka hapa mpaka kwake ni mbili." Akaishika tupa kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Miaka mitatu nausikia ule msumeno unapiga kelele. Wewe ni mtu wa msituni?"

"Baba yangu alikuwa."

"Basi unajua. Wenye makali unaimba, uliokufa unalia. Kila siku unalia, na mimi nasikia, nasema moyoni, mwache, atachoka, macho yale hayafai tena kushika msumeno. Ndiyo maana nilikataa kumnolea. Nilidhani nikimnyima makali ataacha kukata. Mjinga mimi. Mnyororo butu ndio unaua, mtoto wa shule ya msitu anajua. Siku ile, kama saa nane mchana, ukanyamaza katikati ya gogo. Nikasema, afadhali, leo kakaa chini anoe." Akaigeuza tupa mikononi. "Nikafurahi, bwana. Nikajimiminia chai."

"Ukaenda lini?"

"Kesho yake asubuhi. Siku ya mungu wa mlima. Nilikuwa nimemwandalia mnyororo mwezi mzima, wa mviringo, kwa msumeno wake. Nikasema siku hiyo hawezi kunifukuza, siku hiyo watu hawagombani. Nikachukua na chupa ya pombe. Nikamkuta."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Nilishika simu. Halafu nikaona kilichokuwa kwenye msumeno." Akauinua mkono kuelekea msumari wa nane, bila kutazama. "Chizuru ndiye aliyemletea, alipokuja mwezi wa nane kuwakumbuka wafu. Tamotsu alisimama pale barabarani, akauinua juu nione. Hatusemezani, lakini akauinua. Mwanangu kanikumbuka, ndivyo alivyokuwa anasema. Niliona pale pale ni wa pembe. Ningefungua mdomo tu. Ningemwambia, Tamotsu, huo si wa kuni zetu. Nikampa kisogo, nikaingia ndani."

Moto ulipasuka jikoni. Komukai hakuandika.

"Akija polisi atauliza mnyororo huu kaununua nani," Genji alisema. "Akija Bibi Fusa ataropoka kwamba huo ndio uliomuua. Nikauvua, nikauosha, nikaweka wangu. Nikakaa naye mpaka giza likaanza. Nilimfunika kwa koti langu. Halafu nikalichukua tena, kwa sababu kijiji chote wanalijua koti langu. Nilijua tarishi anapita asubuhi, sikujua theluji itaanguka usiku ule. Imemwangukia, Inspekta, na mimi niko hapa na koti langu."

"Usingeuweka ukutani."

"Ulikuwa mpya," alisema Genji, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, kwa mshangao wa kweli. "Ningeufanya nini?"

Komukai akautia mnyororo kwenye mfuko wa pili, akaandika saa: tisa na dakika tano. Akapiga simu kituoni, akamwambia Niinuma maneno manne ya kumpa dereva, na Niinuma akaomba yarudiwe yote manne. Alipokata, Genji alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa benchi.

"Andika niliuiba," alisema. "Niliuona kwake nikautamani. Wizi wa mnyororo nitafungwa muda gani? Hata nikifungwa, nina miaka themanini, humu ndani hata paka sina. Chizuru bado ana miaka ya kuishi, ataishije na jambo hili? Nakuomba, mwanangu. Andika wizi."

"Hata ukiandikwa mwizi, kwake utabaki muuaji."

"Kwake niwe chochote."

*

Barabara kati ya nyumba hizo mbili ilikuwa fupi kuliko Komukai alivyotaka. Kisheria alikuwa huru kuandika kama alivyoombwa. Ripoti ingesema mnyororo ulikuwa butu, na hilo lilikuwa kweli mbele ya hakimu yeyote. Kuhusu mnyororo wa ukutani, neno moja lingetosha, na mwenye neno alishalitoa mwenyewe na kulisihi. Wizi ungeshughulikiwa kwa onyo. Chizuru angerudi Sendai na chuki yake, ambayo ingempa joto miaka kadhaa, na mzee Genji angemaliza siku zake barabarani pale bila mtu wa kumwita baba mkubwa.

Alifungua mlango, akasimama kwenye sakafu ya chini ambako wageni huacha viatu, kama polisi anavyosimama anapoleta habari fupi. Nyumba ilinukia moshi wa mwaloni. Chizuru akatoka chumbani haraka.

"Gari limefika?"

"Limegeuzwa. Ilikuwa ajali, mama. Mnyororo ulikuwa butu, msumeno ukamrukia. Nimeona kovu, nitakuonyesha. Hakuwepo mtu."

Uso wa Chizuru haukuonyesha nafuu, ulionyesha uchovu, kama wa mtu aliyenyang'anywa mzigo ambao ndio uliokuwa unamsimamisha. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa Komukai, kwenye mfuko wa pili, ambao alikuwa amesahau kuutia ndani ya koti.

"Huo ni wa baba," alisema. "Una viungo vya dhahabu. Nilimnunulia mimi. Umeutoa wapi?"

"Kwa Mzee Genji. Ulikuwa ukutani kwake."

"Aliuiba." Alicheka kidogo, bila furaha. "Baba amelala pale amekufa, yeye anamvulia mnyororo. Na bado unaniambia ajali."

Neno lilikuwa pale, limeshasemwa, na wala si yeye aliyelisema. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakumshindi mtu yeyote katika bonde lile. Watu wawili walinyamaziana miaka mitatu kwa umbali wa dakika mbili, na mmoja wao sasa alikuwa katika chumba cha maiti. Komukai akainama, akafungua kamba za viatu vyake, cha kushoto, kisha cha kulia. Chizuru akamwangalia akivipanga kando ya vya babake, na hapo akaelewa kwamba habari haikuwa fupi.

"Hakuuiba," alisema Komukai akipanda ndani. "Aliuficha. Hakutaka wewe uuone."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

Komukai alikuwa anatafuta pa kuanzia, kwenye matope yaliyoganda kwenye gome, au kwenye jino la pembe na jino la mviringo, au kwenye mzee aliyeinua zawadi yake juu barabarani ili jirani asiyemsemesha aione. Hakuhitaji kuchagua. Chizuru alikuwa ameuchukua mfuko mkononi mwake, akaketi nao sakafuni, na kidole chake kilikuwa kinapita juu ya plastiki, jino baada ya jino.

"Muuzaji aliniuliza anakatia nini," alisema. "Nikamwambia sijui, nipe tu ule mkali kuliko yote."